Kutoka Kiganjani Hadi Kinywani: Mgonjwa wa Akili, Dawa Yake na Wajibu Wetu

(Mada iliyotolewa kwa wajumbe wa Haki na Amani na viongozi wa jumuiya ndogo ndogo za Kikristo, Bagamoyo, Tukuyu)



Linapotajwa jina la Haki na Amani, wengi wetu hufikiria mipaka ya mashamba, mirathi ya wajane, rushwa na uchaguzi. Mambo hayo ni yetu, na tutaendelea kuyashughulikia. Leo, hata hivyo, tunataka kuzungumza juu ya kitu kidogo kwa umbo, ambacho ni nadra kuandikwa katika ajenda za mikutano yetu: kidonge. Katika nyumba kadhaa za hapa Bagamoyo, na katika vijiji vinavyotuzunguka, kila jioni yupo mtu anayewekewa kidonge kiganjani. Kutoka kiganjani hadi kinywani si mbali. Ni kuinua mkono tu. Lakini zipo jioni ambazo kidonge hicho hakifiki. Hutupwa migombani nyuma ya nyumba, hufichwa chini ya godoro, au hubaki hospitalini kwa sababu hakuna aliyekwenda kukichukua.

Tunazungumza hasa juu ya ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka, ambao madaktari huuita baipola. Tunataka kujiuliza: mgonjwa huyu asipomeza dawa yake, kosa ni la nani? Jibu tulilolizoea ni kwamba yeye ni mkaidi. Sisi twasema jibu hilo ni jepesi mno, tena si la haki. Kati ya kiganja na kinywa kuna vizuizi vingi, na baadhi yake tumeviweka sisi wenyewe: ndugu, majirani na hata waamini wenzake.

1. UGONJWA WENYEWE

Kila mwanadamu hufurahi na kuhuzunika. Mgonjwa wa baipola hupanda na kushuka kupita kiasi, kwa muda wa majuma au miezi. Anapopanda, usingizi humtoka. Hulala saa mbili au tatu tu na kuamka pasipo uchovu. Maneno humtoka mfululizo, mipango yake haina mwisho. Aweza kuuza ng'ombe kwa bei ya kutupa, kukopa, kugawa fedha, kujiona ana uwezo au wito usio wa kawaida, na kuwaka hasira akizuiwa. Anaposhuka, mambo hugeuka. Hapo huingia katika sonona: hana hamu ya kula, jembe humshinda, hujiona mzigo kwa watu wa nyumbani mwake, na mara nyingine hutamani kufa. Katikati ya vipindi hivyo aweza kuwa mzima kabisa, akafundisha shuleni, akachuma chai, akalea watoto na kuimba kwaya. Ndiyo maana jirani asiyejua humwona kama mtu anayejifanya.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu wapatao milioni 40 ulimwenguni walikuwa na ugonjwa huu. Aghalabu huanza katika ujana au mwanzoni mwa utu uzima, na huelekea kuonekana zaidi katika baadhi ya koo, kama ilivyo kwa kisukari. Si laana, wala si malipo ya dhambi ya mzazi. Kwa kawaida ni ugonjwa wa muda mrefu, ambao hauondolewi moja kwa moja bali hutulizwa.

Dawa za kuutuliza zipo. Mwaka 1949 daktari wa Australia, John Cade, alitangaza kwamba chumvi ya lithiamu ilikuwa imewatuliza wagonjwa waliokuwa wamepanda sana. Hadi leo lithiamu ni miongoni mwa dawa bora za ugonjwa huu, na imeonekana kupunguza hatari ya mgonjwa kujiua. Lakini kiasi kinachotibu na kiasi kinachodhuru vinakaribiana, hivyo damu ya mgonjwa haina budi kupimwa mara kwa mara, jambo ambalo si rahisi mahali pasipo na maabara ya kufaa. Zipo na dawa nyingine: kabamazepini na valproeti, ambazo hutumika pia kwa kifafa, na haloperidoli, klopromazini na olanzapini. Daktari ndiye ajuaye ipi imfae nani. Zote zinafanana katika jambo moja: mgonjwa hana budi kuendelea kuzitumia hata ajisikiapo mzima. Hapo ndipo shida inapoanza.

2. KWA NINI KIDONGE HAKIMEZWI

Kabla ya kumhukumu mgonjwa wa akili, tujitazame wenyewe. Mwaka 2003 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba hata katika nchi tajiri ni kama nusu tu ya wagonjwa wa maradhi ya muda mrefu wanaofuata matibabu yao ipasavyo. Hao ni pamoja na wagonjwa wa shinikizo la damu, kisukari na pumu, watu ambao hakuna anayewaita wendawazimu. Bila shaka humu ukumbini wamo wenye dawa za shinikizo la damu zilizosahaulika kabatini. Basi tuzisikilize sababu kwa unyenyekevu.

Sababu ya kwanza ni afya yenyewe. Mazungumzo ya namna hii husikika katika nyumba nyingi:

"Mwanangu, umekunywa dawa?"

"Mama, mimi sasa ni mzima. Dawa ni ya mgonjwa."

Kijana huyu hasemi upumbavu. Anasema alivyofundishwa na malaria. Kwa malaria tumezoea kumeza dawa ya mseto siku tatu, homa ikaisha, tukarudi shambani. Hapa tunamwambia ameze kwa miaka, tena ameze zaidi ili abaki mzima. Asipoelezwa kwa upole kwamba uzima huo unashikiliwa na dawa, ataiacha. Na akiiacha ghafula, ugonjwa huweza kurudi kwa nguvu. Kwa lithiamu hasa, hatari hiyo yajulikana vema.

Sababu ya pili hatuisemi mara nyingi: kupanda kuna utamu wake. Mtu aliyekuwa amelala kitandani miezi mitatu, akijiona hafai, ghafula anapata nguvu, maneno na furaha. Ukimpa dawa inayomrudisha katikati, huona umemnyang'anya kitu. Sisi twaona hatari inayokuja. Yeye anaona nuru iliyofika. Hatuwezi kumsaidia tukikana kwamba amepoteza kitu kweli.

Sababu ya tatu ni mwili. Haloperidoli huweza kukakamaza shingo na viungo, kutetemesha mikono, na kumfanya mtu asiweze kutulia kitini. Klopromazini huleta usingizi mzito, na ngozi huungua upesi juani. Mchuma chai au mlima viazi aliye juani tangu asubuhi hadi adhuhuri ataijua shida hiyo. Olanzapini huongeza njaa na unene. Lithiamu huleta kiu, mkojo mwingi na kutetemeka. Valproeti huweza kumdhuru vibaya mtoto aliye tumboni, hivyo msichana au mama anayeweza kupata mimba hana budi kuzungumza na daktari kabla ya kupewa dawa hiyo. Na kama tayari anaitumia, aende upesi hospitalini akaulize, wala asiiache kwa uamuzi wake mwenyewe. Madhara mengi kati ya haya hupunguzwa kwa kubadilisha dozi, saa ya kumeza, au dawa yenyewe. Lakini mgonjwa atasemaje, ikiwa kila alalamikapo huambiwa, "Meza tu, acha maneno"? Malalamiko yake ni taarifa ambayo daktari anaihitaji. Anayemnyamazisha anaiharibu tiba.

Tena tusisahau sufuria. Dawa inayoongeza njaa, ikipelekwa katika nyumba yenye mlo mmoja kwa siku, ni mzigo juu ya mzigo. Mgonjwa anayetetemeka kwa njaa usiku ataulaumu ule mdomo uliomwambia ameze.

Sababu ya nne ni njia. Sisi wa Bagamoyo twaweza kwenda kwa miguu hadi Hospitali ya Wilaya, pale Makandana. Wapo wanaoitegemea Hospitali ya Igogwe, iliyo ya Kanisa. Lakini kwa mtu wa vijiji vilivyo mlimani, safari ya kliniki ni siku nzima ya kazi iliyopotea na nauli ya watu wawili, kwa kuwa mgonjwa haendi peke yake. Akipelekwa Hospitali ya Rufaa ya Kanda, Mbeya, ni mwendo wa kilometa kama 70. Na Mirembe, hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili iliyoanzishwa Dodoma miaka ya 1920, kwa wengi wetu ni mbali kama nchi nyingine. Ongezeni mvua za Rungwe, ambazo ni miongoni mwa mvua nyingi kuliko zote nchini, na barabara za udongo, ndipo mtaelewa kwa nini tarehe ya kliniki hupita.

Sera ya Serikali imeyaweka magonjwa ya akili miongoni mwa maradhi ya muda mrefu yanayosamehewa malipo katika vituo vya umma. Huo ni msamaha wa haki. Lakini mtu akifika dirisha la dawa na kuambiwa dawa imekwisha, msamaha haununui kitu katika duka la mtu binafsi. Hurudi nyumbani mikono mitupu, na baada ya majuma mawili sisi twasema, "Yule ameacha dawa." Hakuiacha yeye, dawa ndiyo iliyomwacha.

Sababu ya tano ni aibu. Tumeligeuza jina la Mirembe kuwa tusi. Twamwita mwenzetu kichaa, chizi, mwendawazimu, kana kwamba hana jina la ubatizo. Binti mwenye kadi ya kliniki ya akili huogopa kwamba hataolewa. Mwalimu huogopa kazi yake. Baba huogopa kwamba neno lake halitasikilizwa tena katika kikao cha ukoo. Hivyo hupita njia ya nyuma kwenda kliniki, huificha pakiti, na siku wageni wakija nyumbani dozi hairukwi kwa kusahau bali kwa hofu ya kuonekana. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Ni kweli, lakini tuseme pia kwamba mtu huficha maradhi pale anapojua kuwa akiyatoa nje atachekwa.

Sababu ya sita ni sauti zinazoshindana na daktari. Mtafiti Monica Wilson, aliyefanya kazi miongoni mwa Wanyakyusa pamoja na mumewe Godfrey miaka ya 1930, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1957 jinsi watu walivyohofu kwamba wazimu ungempata yule ambaye mila za msiba hazikutimizwa ipasavyo kwa ajili yake. Hofu ya namna hiyo haijafa. Kijana akianza kuropoka baada ya msiba, wazee hukaa kuuliza ni mila gani iliyorukwa, au ni nani aliyemroga, na miezi hupita. Hatuwadharau wazee; kukaa pamoja na kupatanisha ukoo ni jambo jema, tena huweza kumtuliza mgonjwa. Tunachosema ni kwamba kikao cha ukoo kisiwe badala ya kliniki. Viende pamoja.

Zipo pia sauti zinazotumia jina la Mungu. Tunakumbuka mwaka 2011, maelfu kwa maelfu ya watu waliposafiri hadi Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila kwa shilingi 500. Wapo walioacha dawa zao za hospitali baada ya kunywa, na hali zao zikawa mbaya. Kikombe kile kimepita, lakini tabia imebaki: mtu huombewa, hutangazwa mbele ya watu kuwa amefunguliwa, na vidonge hutupwa jioni ileile kama ushuhuda. Ugonjwa unaporudi, huambiwa hakuwa na imani. Hivyo huumia mara mbili: kwanza kwa ugonjwa, kisha kwa hukumu.

3. IMANI HAISHINDANI NA KIDONGE

Ndugu wapendwa, Kanisa halijapata kutufundisha kwamba kumeza dawa ni upungufu wa imani. Kitabu cha Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, chatuagiza kumheshimu mganga, kwa maana Mungu ndiye aliyemweka, na kwamba dawa zatoka katika ardhi aliyoiumba Bwana, nazo mtu mwenye akili hazidharau. Nabii Eliya, alipochoka hata akaomba afe, hakupelekewa kwanza mahubiri. Malaika alimwacha alale, akamgusa, akampa mkate na maji, akamwacha alale tena. Usingizi, chakula na mtu wa kukugusa begani: hizo nazo ni tiba za mtu aliyeshuka.

Sheria ya Kanisa yenyewe imemfikiria mgonjwa. Kanoni ya 919 yatudai tujizuie na chakula na kinywaji kwa saa moja kabla ya kupokea Komunyo, lakini maji na dawa havivunji mfungo huo. Na walio wagonjwa pamoja na wanaowauguza wamesamehewa hata hiyo saa moja. Vilevile sheria ya kufunga wakati wa Kwaresima haimbani mgonjwa. Basi asiwepo mtu wa kwetu atakayeruka dozi ya asubuhi kwa ajili ya Misa, wala atakayemeza dawa kali tumbo likiwa tupu kwa sababu ni Jumatano ya Majivu. Viongozi wa jumuiya, litangazeni jambo hili waziwazi, maana wengi hulishika kimoyomoyo bila kuuliza.

Mkumbukeni pia Mtakatifu Yohane wa Mungu, aliyefariki mwaka 1550. Yeye mwenyewe alidhaniwa kuwa mwendawazimu, akafungiwa katika hospitali ya Granada, Hispania, na kuchapwa, kwa kuwa fimbo ilihesabiwa kuwa tiba siku zile. Alipotoka, alianza kuwauguza maskini na wagonjwa kwa namna nyingine, na Kanisa limemfanya msimamizi wa wagonjwa na wa hospitali. Na mwaka 2006 Papa Benedikto wa 16 aliielekeza Siku ya Wagonjwa Duniani kwa wagonjwa wa akili. Tukiwaombea wagonjwa kila tarehe 11 Februari, tusimsahau huyu ambaye hana kidonda cha kuonekana.

4. NGUVU NA SIRI

Sasa tufike penye ugumu. Tufanye nini mgonjwa akikataa kabisa, na dalili zimeanza?

Nyumba nyingi huchagua moja kati ya njia mbili. Ya kwanza ni nguvu: kamba, mnyororo, gogo, chumba kilichofungwa kwa nje. Mwaka 2020 shirika la Human Rights Watch lilieleza juu ya watu wenye maradhi ya akili wanaofungwa kwa namna hiyo katika nchi zipatazo 60, zikiwamo nchi za bara letu kama Kenya, jirani yetu. Tusijidanganye kwamba hapa kwetu hakuna. Katika Injili, yule mtu wa nchi ya Wagerasi alikuwa amefungwa pingu na minyororo mara nyingi, nayo haikumponya. Yesu alimwuliza jina lake, na mwisho watu walimkuta ameketi, amevaa nguo, ana akili zake. Mnyororo unamfundisha mgonjwa jambo moja tu: kwamba wanaomletea dawa ni haohao wanaomfunga.

Njia ya pili ni siri: kumwekea dawa ndani ya uji au chai bila yeye kujua. Tunawaelewa akina mama wanaofanya hivyo. Wanafanya kwa machozi. Lakini siku mgonjwa anapogundua, hupoteza imani si kwa dawa tu bali kwa mkono unaompikia. Wengine hukataa hata kula. Tena dozi yenyewe haijulikani, maana uji umebaki nusu kikombe. Tunashauri jambo hilo liachwe, na mama asiachwe peke yake hata likaonekana ndilo kimbilio lake la mwisho.

Ipo njia ya tatu, ya haki. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 imeweka utaratibu wa kumtunza na kumlinda mgonjwa, na wa kumlaza hospitalini, kwa hiari yake au, inapobidi, pasipo hiari yake. Kwa hiyo mtu akiwa hatari kwa nafsi yake au kwa wengine, jamaa wasichukue kamba. Wamwone mganga wa hospitali na viongozi wa mtaa, ili afikishwe kwenye tiba kwa utaratibu na kwa heshima.

Lakini lililo bora zaidi hufanyika mapema, wakati wa afya. Mgonjwa akiwa mzima, akae na watu wawili au watatu anaowaamini, wapatane: dalili zangu za kwanza ni zipi? Nani aniambie, nami nikubali kumsikiliza? Nani ashike fedha na hati ya shamba nikianza kupanda? Nani anisindikize kliniki? Dawa gani ilinidhuru, nisipewe tena bila daktari kuambiwa? Mapatano hayo yaandikwe katika daftari, na nakala ipelekwe kliniki. Hapo mgonjwa hashurutishwi na wengine. Neno lake mwenyewe, alilolitoa akiwa na akili zake, ndilo linalomwongoza siku ya giza. Hii ni haki, na pia ni amani ndani ya nyumba.

5. YANAYOWEZEKANA KWETU

Hatuna uwezo wa kujenga hospitali. Tuna uwezo wa mambo yafuatayo.

Kwanza, salamu. Kinyakyusa twasalimiana "Ugonile", na kwa asili ya neno hilo twamwuliza mwenzetu kama amelala. Salamu hiyo ni kipimo. Kwa mgonjwa wa baipola, usingizi unaopungua usiku mbili tatu mfululizo mara nyingi ndiyo dalili ya kwanza kwamba anapanda. Basi tukimsalimu, tusingoje tu kuitikiwa, tusikilize jibu.

Pili, msindikizaji. Kila jumuiya yenye familia ya namna hii, familia ikiridhia, imteue mtu mmoja wa kwenda na mgonjwa kliniki, au kumchukulia dawa siku za mvua na za mavuno. Mchango mdogo wa jumuiya waweza kulipa nauli ya mwezi. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, wasema wahenga, kwa kuwa hatuusikii uzito wake. Tuubebe siku moja tuusikie.

Tatu, tarehe na hesabu ya vidonge. Dawa ichukuliwe kabla haijaisha. Ikikosekana hospitalini, mjumbe wetu wa Haki na Amani aandike tarehe na jina la dawa, bila jina la mgonjwa, na kupeleka taarifa kwa kamati ya afya ya kituo, kwa diwani na kwa Mganga Mkuu wa Wilaya. Mtu mmoja akilalamika dirishani husahauliwa. Orodha ya miezi sita haisahauliki upesi.

Nne, ulinzi wa uhai. Katika nyumba yenye mtu aliyeshuka, sumu za shambani zifungiwe, na vidonge vyote vitunzwe na mtu mmoja anayeaminika, maana dawa ileile ikimezwa kwa wingi yaweza kuua. Mtu akisema anataka kufa, asikemewe wala asiachwe peke yake. Apelekwe hospitalini siku ileile. Na ikitokea msiba wa namna hiyo, tusiinyime familia faraja yetu. Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992 yatufundisha kwamba maradhi mazito ya akili hupunguza wajibu wa mtu, wala tusikate tamaa juu ya wokovu wake.

Tano, ulimi. Mambo ya mgonjwa yasigeuzwe kuwa habari za kilabuni wala nia za sala zinazotangazwa kwa jina bila ruhusa yake. Na arudipo kutoka hospitalini, arudishiwe nafasi yake katika kwaya na katika uongozi. Mtu aliyepoteza nafasi yake yote kwa sababu ya ugonjwa, atameza dawa ili apone arudi wapi?

Ndugu wapendwa, jina la Bagamoyo, tunaloshiriki na mji ule wa pwani, wengi hulieleza kuwa ni mahali pa kubwaga moyo, pa kuutua mzigo. Tusiombe jina hilo litimie lenyewe. Jioni hii kuna mtu hapa jirani anayekitazama kidonge kiganjani mwake. Hahitaji kwanza mahubiri yetu. Anahitaji chakula kidogo kabla ya dawa, kikombe cha maji safi, mtu wa kumwuliza jinsi dawa ilivyomfanya jana, na uhakika kwamba kesho hatachekwa. Hayo yote yako katika uwezo wetu.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA

1. Katika jumuiya yetu, ni maneno gani tunayotumia kwa wagonjwa wa akili ambayo yatupasa kuyaacha?

2. Kati ya sababu sita zilizotajwa, ni ipi inayozuia zaidi hapa kwetu, na nani aweza kuiondoa?

3. Je, yupo anayeuguza mgonjwa wa namna hii peke yake? Tutampumzisha siku gani, na nani atakwenda?

4. Mara ya mwisho dawa ilipokosekana, tulimwambia nani? Safari ijayo tutamwambia nani, na kwa maandishi gani?

Mungu awabariki ninyi nyote. Tumsifu Yesu Kristo.